Namba Niliyoinakili Kwenye Kadi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hata nikifika umri wa kusahau jina langu sidhani kama itanitoka. Ni asubuhi tuliyofungua sanduku la mbao tulilolisubiri miezi minane, tukatoa pistoni nne zinazong'aa, zimefungwa karatasi ya mafuta, na pistoni zile zikakataa kuingia kwenye injini. Nitakusimulia tangu mwanzo, polepole, maana nataka uelewe kilichonifanya niwe mkaidi. Watu wananiita hivyo mpaka leo, na sijawahi kuwaomba waache.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa stoo ya vipuri katika karakana moja ya umma kule Chang'ombe, Temeke. Karakana yenyewe haipo tena, pamejengwa maghala. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tulikuwa tunaitana ndugu, kuanzia mfagizi hadi meneja, ingawa si wote waliofurahia kuitwa hivyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, napiga chapa kwa vidole vyote kumi, na nilikuwa na viatu vyeupe nilivyovipenda kupita kiasi. Viatu hivyo navitaja kwa sababu vina sehemu yao katika kosa langu.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mtu mfupi mwenye chale usoni na sauti ya chini. Shule hakwenda. Barua ukimpa alikuwa anakurudishia umsomee, ila herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma alizijua kuliko sie wenye vyeti. Meneja wetu sitamtaja jina. Ana wajukuu, na wajukuu wake hawajanikosea chochote.

Basi ikaletwa Landrova ya zahanati ya Mbagala, imevutwa kwa mnyororo nyuma ya lori. Ilikuwa gari ya dizeli, ya miaka ya karibu na Uhuru, na ndiyo pekee waliyokuwa nayo ya kupeleka wagonjwa hospitali. Ilikuwa inawaka kwa shida na kutoa moshi wa buluu. Mzee Chilumba alifungua kifuniko cha oili, akaweka kiganja juu ya tundu lake, akatulia kama anayesikiliza mapigo ya mtoto. Akasema pistoni na ringi zimekwisha. Hakuifungua injini siku ile. Ukifungua injini ambayo vipuri vyake huna, unaikaribishia vumbi na kutu.

Nyie siku hizi mnapiga picha, mnatuma kwa simu, kipuri kinafika kabla wiki haijaisha. Sie tulikuwa tunajaza fomu. Fomu inaombewa kibali cha fedha za kigeni, kibali kinasubiriwa, kisha meli inasubiriwa. Ukikosea fomu unarudi nyuma ya foleni, na foleni ilikuwa ya nchi nzima.

Kabla hajasafiri kwenda Morogoro kulitengeneza lori letu lililoharibikia huko, Mzee Chilumba alikuja mlangoni kwangu. Hakuwahi kuingia ofisini na ovaroli yake, alikuwa anasimama mlangoni.

"Binti," aliniambia, "injini za gari hizi kwa nje zinafanana kama mapacha. Lakini zipo za lita mbili na zipo za lita mbili na robo, na pistoni zake haziingiliani. Usiiamini kadi. Fungua boneti, safisha kwa mafuta ya taa ubavuni mwa bloku, hilo bonge la chuma lenye silinda, utaona namba imegongwa. Hiyo ndiyo uandike."

"Sawa, mzee," nikasema.

Nilikwenda kweli mpaka kwenye gari. Nilifungua boneti. Ndani kulikuwa na tope la grisi lililochanganyika na mchanga wa barabara ya Kilwa, limekauka na kugandamana mpaka huoni chuma. Ilibidi nipande juu ya bampa, niiname, niingize mkono mpaka begani. Nikatazama viatu vyangu. Nikatazama blauzi yangu. Nikafunga boneti taratibu ili mtu asisikie, nikarudi ofisini. Kadi ya gari ilikuwa mezani, safi, imepigwa chapa, ina muhuri. Ilisema lita mbili na robo, na namba ya injini imeandikwa hapo hapo. Nikainakili kwenye fomu, fomu ikaondoka jioni ile.

Mzee aliporudi baada ya wiki mbili, neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa hilo.

"Namba uliisoma kwenye injini?"

"Ndiyo mzee, kwenye injini."

Hapo ndipo palipo na kosa lenyewe, mwanangu. Kuona kinyaa grisi ulikuwa ujinga wa ujana. Lakini alipouliza, bado muda ulikuwepo. Fomu ingeweza kufuatwa na kusahihishwa. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, na aibu ile ilichukua sekunde moja tu.

Miezi minane ikapita. Mbagala ya wakati ule msidhani ni hii mnayoijua, ya maduka na vurugu za stendi. Ilikuwa mikorosho, minazi na mchanga unaomeza mguu. Wagonjwa mahututi walisukumwa kwa mkokoteni mpaka barabarani, na hapo wakasubiri lori lolote lenye dereva mwenye huruma. Mkunga wa zahanati, Nesi Felista, mama mmoja wa kutoka Songea, alikuwa anakuja karakana kila mwisho wa mwezi kuuliza. Anasimama mbele ya meza yangu, miguu imejaa vumbi, anasema, "Mwanangu, bado?" Nami namwambia, "Bado, mama, meli haijafika." Nilikuwa namjibu kwa adabu sana.

Mwezi wa saba wa kusubiri alikuja akaketi bila kukaribishwa. Akaniambia kuna mama anaitwa Zena, mimba yake ya kwanza, uchungu ulimshika tangu alfajiri na mtoto amekaa vibaya. Walimsukuma kwa mkokoteni, gurudumu likazama mchangani, wakalinyanyua, likazama tena. Barabarani walikaa mpaka jua la utosi. Hospitali walimwokoa mama. Mtoto hakuokoka.

Nikampa pole. Nilisikitika kama mtu anavyosikitikia habari za wengine. Sikujua bado kwamba habari ile ilikuwa yangu.

Ndipo ikaja asubuhi ya sanduku. Mzee Chilumba alikuwa ameshavua kichwa cha injini, mafundi wote wamezunguka. Akachukua pistoni ya kwanza, akaipaka oili, akaiweka juu ya silinda. Haikuingia. Akaigeuza. Akaitazama. Akachukua pistoni ya zamani, akaziweka mbili pamoja kwenye kiganja, na hata mie kwa mbali niliona moja ni pana kuliko nyingine.

Fundi kijana mmoja akasema, "Si tuichonge silinda mzee, iongezeke?"

"Tukichonga mpaka kufikia hapa tutatokezea kwenye njia za maji ya kupozea injini," Mzee Chilumba akajibu. Kisha akaomba mafuta ya taa na brashi ya waya. Akasugua ubavuni mwa bloku, pale alipokuwa amenielekeza, akafuta kwa kitambaa. Hakunitazama. Alisema tu, "Binti, njoo usome."

Nikapanda juu ya bampa na viatu vyangu vyeupe. Namba iliyokuwa pale haikufanana na namba ya kwenye kadi hata kidogo, ilikuwa ya injini ya lita mbili. Baadaye tulikuja kujua kwamba gari ile ilikuwa imepinduka njia ya Rufiji miaka ya nyuma, bloku ikapasuka, na fundi fulani akaipachika injini ya gari nyingine ya zamani zaidi. Kazi yake ilikuwa nzuri sana. Ila hakuandika popote.

Mafundi walipotawanyika, mzee aliniambia maneno machache. "Ungeniambia hukusoma, ningekufundisha kusoma. Umeniambia umesoma. Sasa nikufundishe nini?" Akaenda kunawa mikono.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa adhabu. Kumbe meneja aliniita mchana ule ule. Alikuwa mpole kuliko siku zote, akanivutia kiti. Akasema wakubwa wa wizara watataka maelezo, na karakana lazima iwe na jibu moja.

"Ndugu Mwanaidi, wewe una maisha mbele yako. Piga chapa barua kwamba namba ulipewa na fundi mkuu kwa mdomo. Yeye hasomi, hilo kila mtu analijua. Wataelewa."

"Watamfanya nini?"

"Atastaafishwa. Si umri umeshafika?"

Kustaafishwa kwa kosa maana yake aondoke mikono mitupu baada ya miaka yote ile. Nilitoka na karatasi tupu. Niliiweka kwenye mashine, nikaandika tarehe, nikaandika "Yah", vidole vikagoma. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilimfikiria mama yangu aliyekuwa anategemea kazi yangu. Nilifikiria kwamba mzee ameshazeeka kweli. Nilifikiria kila kitu ambacho mtu mwoga hufikiria. Halafu nikamkumbuka Nesi Felista na swali lake la "Bado?", na jinsi nilivyokuwa namjibu kwa adabu, na nikajichukia kiasi kwamba woga wenyewe ulikosa nafasi. Nikaichomoa karatasi, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Kesho yake ulikuwa mkutano wa wafanyakazi, chini ya paa la karakana, watu wameketi juu ya matairi na masanduku. Enzi hizo mfanyakazi alikuwa na haki ya kusema mbele ya meneja, angalau kwenye makaratasi. Meneja akaeleza kwamba vipuri vya Mbagala vimekosewa kutokana na "taarifa zisizo sahihi za upande wa ufundi". Nikamwona Mzee Chilumba ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshajua.

Nikainuka. "Mwenyekiti, taarifa hiyo si kweli."

"Ndugu, kaa chini," meneja akasema.

"Sikai. Fundi aliniambia nisome namba kwenye injini. Mie sikusoma. Nilinakili kadi kwa kuogopa kuchafuka, na aliponiuliza nikamdanganya. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Na barua niliyoambiwa niandike kumtwisha yeye, sitaiandika, leo wala kesho."

Miguu yangu ilikuwa inatetemeka, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza na ukakataa kusimama. Nikasema zahanati ya Mbagala itakaa bila gari kwa miezi mingine, na mtoto mmoja ameshakufa njiani kwa sababu yangu. Nikasema hapo nje, chini ya kivuli cha turubai, ipo gari ya ofisi ambayo kazi yake ni kumleta meneja asubuhi na kumrudisha Kinondoni jioni. "Naomba mkutano huu uamue gari hiyo ikakae zahanati mpaka vipuri vije. Meneja atapanda basi kama sie."

Mtu wa nyuma akacheka, kisha akanyamaza alipoona wengine hawacheki. Mwenyekiti wa kamati, mchomeleaji mmoja wa Tandale asiyependa maneno mengi, akauliza, "Wanaounga mkono?" Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa mfagizi wetu, Mama Tausi. Mkono wa pili ulikuwa wa Mzee Chilumba. Halafu sikuhesabu tena, niliona mikono tu.

Gari ya meneja iliondoka kwenda Mbagala asubuhi iliyofuata, nami nikiwa ndani, kwa sababu nilikuwa na safari yangu. Nilimwomba Nesi Felista anipeleke kwa Zena. Nilimkuta anapepeta mchele uani. Alikuwa mdogo kwangu. Sikujua mtu anaanzaje maneno kama yale, nikayasema yalivyo, nimesimama, kwa kuwa sikuona haki ya kukaa.

Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

"Umekuja nikwambie nimekusamehe?"

"Hapana. Nimekuja ujue ni nani."

Akanitazama usoni. "Haya. Nimejua. Nenda katengeneze hiyo gari." Akachukua ungo wake. Hadi leo sijui kama alinisamehe, na sikuwahi kwenda kumuuliza.

Niliporudi Chang'ombe nilikuta barua juu ya meza. Nimeondolewa ukarani, nimepelekwa kuosha vipuri kwenye pipa la dizeli. Meneja alitegemea nitaacha kazi kwa aibu. Mama yangu alilia, akaniuliza nani ataoa mwanamke anayenuka oili. Shangazi zangu walinicheka. Siku iliyofuata saa moja kamili nilikuwa getini, nimevaa ovaroli ya kuazima, imenizidi mikono, na miguuni nimevaa katambuga za matairi. Nikamwendea Mzee Chilumba.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kufundishwa kusoma."

"Marahaba," akasema. Akanipa brashi ya waya.

Fomu ya pili ilitakiwa iondoke Ijumaa. Asubuhi ya siku hiyo karani mpya alikuja na kitabu cha vipuri mkononi, akasema ameshaona ukurasa wa lita mbili, anataka kunakili. Mzee akamwambia asubiri, tupime kwanza. Tukaanza na silinda ya kwanza, tukiwa na kipimo cha chuma tulichoazima chuo cha ufundi. Mzee anapima, ananisomesha, mie naandika. Ndipo tukagundua jambo ambalo hata namba ya bloku isingetuambia. Silinda zile zilikuwa zimeshachongwa siku za nyuma. Injini ilikuwa ya lita mbili, ndiyo, lakini ilihitaji pistoni za saizi ya kuongezwa. Kama tungeagiza kwa kitabu tu, zingekuja zinacheza ndani kama mbegu kwenye kibuyu.

Meneja akatokea saa nane mchana. Alikuwa amekuja kwa basi, shati limeloa mgongoni.

"Fomu iko wapi?"

"Tumepima silinda mbili," nikasema. "Zimebaki mbili."

"Mbili zinatosha. Zote ni za injini moja."

"Sijazipima zote, sijui."

"Wewe ni mwosha vipuri. Toka kwenye gari."

Nilikuwa juu ya bampa, kipimo kimo ndani ya silinda ya tatu. Nikamwambia sitoki. Nikamwambia akitaka anifukuze kazi, anifukuze nikishapima ya nne, na barua yake nitaipokea kwa mikono miwili. Mzee Chilumba alisogea akasimama upande wangu, na mchomeleaji akaacha mashine yake akaja kusimama upande wa pili. Meneja akabaki pale na saa yake mkononi mpaka tulipomaliza. Silinda ya nne ilikuwa imeliwa zaidi ya zote. Ingebidi zote nne zichongwe upya kuifuata hiyo, na pistoni ziagizwe za saizi ya juu yake. Tukaandika hivyo. Fomu iliwahi, nusu saa kabla ofisi hazijafungwa.

Vipuri vilikuja baada ya miezi mitano. Silinda tulizipeleka zikachongwa, na pistoni ziliingia kwa kusukumwa taratibu na mpini wa nyundo, kama zinavyotakiwa. Injini ilipowaka, moshi ulitoka kidogo, ukaisha. Nesi Felista alikuwepo. Hakupiga vigelegele. Alipanda mbele, akafunga mlango, akamwambia dereva waende kwa kuwa kuna mtu anasubiri. Mie nilichukua kalamu na kadi ya gari, na chini ya namba ya zamani nikaandika namba ya injini iliyomo, na kipimo cha silinda, na tarehe. Meneja alisema siruhusiwi kuandika kwenye kadi ya serikali. Nikamaliza kuandika.

Nilikaa katika ufundi miaka thelathini na mmoja. Niliolewa pia, kwa faida ya shangazi zangu.

Sasa mwanangu, nakuachia ninachokijua. Ukiwa na gari ya zamani usikubali kuagiza chochote kwa maneno ya kadi, wala ya muuzaji, wala ya mwenye gari anayeapa. Gari ya zamani imepita mikono mingi. Safisha bloku, soma namba kwa macho yako, na ikiwa imefutika usibahatishe, vua na upime. Kipuri cha zamani usikitupe mpaka umekilinganisha na kipya. Ukibadilisha kitu, andika, maana yupo mtu atakayekuja baada yako na hatakujua.

Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukichelewa, kosa lako litatafuta mtu mwingine wa kumkalia, na mara nyingi litamkuta asiyejua kujitetea. Na siku mkubwa wako atakapokuvutia kiti kwa upole akutake uandike uongo juu ya mtu wa chini yako, inuka kwenye kiti hicho. Utatetemeka. Tetemeka, lakini usiandike. Watakuita mkaidi, na utaishi na jina hilo bila kudhurika. Mie nimeishi nalo.

Mungu akujalie macho ya kutazama usichopenda kukitazama, na mikono isiyoona kinyaa kazi. Akupe wazee wa kukukaripia ungali kijana, na ulimi utakaosema kweli hata sauti ikikatika. Wanao wafike salama popote wanapokwenda. Amina.